Konzi Mbili za Chumvi

Tarehe 6 Februari

Kwa binti yangu mpendwa, kitinda mimba wangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mume wako, na mjukuu wangu Chiriku, ziwakute katika afya ninayowaombea kila niamkapo na kila nilalapo. Mimi ni mzima, ila magoti yangu siku hizi yana maoni yao kuhusu ngazi. Nakuomba radhi kwa kuchelewa kuijibu barua yako ya mwisho wa mwaka. Nilikuwa nimefika nusu ya jibu wino ukaniishia, na mwenye duka la vipuri, ambaye ndiye posta yetu, akaondoka bila kunigongea mlango. Hata hivyo kosa ni langu, si la wino wala la jirani. Walimu wetu wa misheni walitufundisha kwamba mwenye udhuru mwingi ana haya kidogo.

Habari za hapa ni njema. Paa limezibwa. Kiti cha marehemu mama yako nimekipaka upya rangi yake nyekundu. Sikikalii, lakini napenda kukiona kikiwa nadhifu.

Waniuliza kwa nini sipokei simu. Mwanangu, miaka thelathini na minne kando ya mitambo ya kiwanda cha barafu imeniachia masikio ya mapambo. Nikiweka simu sikioni, nasikia kama mtu anakaanga vitunguu. Tafadhali niandikie.

Na sasa nije kwenye jambo lenyewe. Chini kabisa ya barua yako, kama mtu anayepitisha kitu chini ya meza, umeandika: "Chiriku anakunywa maji sana siku hizi, na amekonda." Kisha ukaaga. Mtoto wa miaka saba hakondi bure. Niambie yote, wala usinipunguzie.

Kuhusu mwaliko wako wa kuja huko, naushukuru sana. Tutauangalia.

Barua hii anaichukua mwenye duka la vipuri, ambaye safari hii nimemvizia mlangoni tangu alfajiri.

Baba yako.


Tarehe 21 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na sare za shule zimenijaa mezani hadi cherehani inanuna. Mume wangu yuko kwenye mabomba yake kama kawaida, anarudi na matope hadi masikioni.

Baba, nilikuwa nakuficha. Chiriku ana kisukari.

Kwanza walisema minyoo. Tukampa dawa ya minyoo. Halafu wakasema ni mkojo mchafu, kwa sababu alikuwa anakojoa kitandani, mtoto mkubwa vile, na aibu ikamfanya aache hata kupiga domo. Chiriku kunyamaza! Hapo ndipo nilipopaswa kujua. Siku moja akaanguka darasani. Hospitali wakampima, sukari ikasoma ishirini na nane. Tumekaa wodini siku tisa.

Sasa ni sindano asubuhi na jioni, maisha yake yote. Daktari wa hospitali, tunamwita Mrefu kwa sababu anainama kila mlango, anasema ale kama watoto wengine, kwa saa na kwa kipimo, na sindano asikose hata moja. Mume wangu akampeleka kwa mwingine, wa kliniki ya ghorofani. Huyo anasema Mrefu anakosea: mkate marufuku, wali marufuku, na sindano zipunguzwe maana mtoto ni mdogo. Mama mkwe naye anasema sindano ni mazoea, mtoto akizizoea hataziacha. Kila mtu ana lake, Baba, na mwenye kushika sindano ni mimi.

Anayenisaidia ni muuguzi mmoja wa zamu ya asubuhi. Chiriku amempa jina la Dada Kalamu, kwa sababu huchomeka kalamu tatu kwenye nywele halafu anazitafuta mezani. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchoma. Amenisisitiza dawa isipate joto, lakini umeme wetu unaujua: unakatika asubuhi unarudi ukipenda. Friji imekuwa kabati tu.

Njoo, Baba. Hata wiki moja.

Nampa barua mtu wako wa vipuri. Ameniambia ulimkaba koo.

Binti yako.


Tarehe 8 Machi

Binti yangu mpendwa,

Marahaba, na pole, na pole tena. Niwie radhi kwa siku hizi zilizopita tangu nipokee barua yako. Sikukaa bure, kama utakavyoona.

Mambo ya sindano na chakula sina elimu nayo, na sitaongeza daktari wa tatu katika nyumba ambayo tayari ina wawili na mama mkwe. Lakini ukiniambia baridi, mwanangu, hapo umefika nyumbani kwangu.

Pamoja na barua hii utapokea sanduku. Nimelitengeneza kwa mikono yangu. Kuta zake ni mbili, na katikati nimeshindilia vumbi la mbao. Ndani nimevika bati, na bawaba ni zile za kabati la mama yako. Nunua barafu kila asubuhi, ivunjevunje, zungushia vichupa vya dawa, kisha umwagie konzi mbili za chumvi, kama nilivyokufundisha kiwandani ulipokuwa huijui hata alifu. Unakumbuka? Ulikuwa ukisimama juu ya kreti na kupiga kelele, "Chumvi, Baba! Barafu ina usingizi!" Kwa chumvi, baridi ya barafu hiyo itauma vidole. Dawa ya mjukuu wangu haitaonja joto kamwe.

Kuhusu kuja, magoti bado hayajakubali.

Mwenye duka la vipuri amelalamika kwamba sanduku ni zito. Nimemwambia abebe kimyakimya, ni la mtoto mgonjwa. Amebeba.

Baba yako.


Tarehe 1 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe mwandiko, naandika kwenye benchi la hospitali. Mume wangu anakusalimu. Sanduku lilifika salama na kila mtu anayeliona analisifu. Kila asubuhi natia barafu, konzi zangu mbili za chumvi, nafunga. Linafanya kazi ya ajabu. Juzi kichupa kilikuwa kigumu kama jiwe, ikabidi nikiweke kwapani hadi kilainike ndipo nivute dawa.

Lakini Chiriku haendi vizuri. Sukari imepanda tangu katikati ya Machi. Mrefu akaongeza kipimo. Ikapanda. Akaongeza tena. Wiki iliyopita tulilazwa siku mbili, wakamchoma dawa ya wodini, sukari ikashuka vizuri kabisa. Tukarudi nyumbani, ikapanda. Mrefu akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mama, hospitali anashuka, nyumbani anapanda. Nyumbani kuna mtu anampa vitamu." Daktari wa ghorofani anasema mwili umeikataa dawa, tuache kabisa tujaribu majani yake. Mume wangu anaegemea huko. Tumekubaliana tungoje hadi Jumatatu, halafu tuamue.

Mama mkwe anasema mtoto anaiba sukari. Nimepekua mkoba wake wa shule. Nimepekua chini ya godoro. Anasema, "Sijala, mama. Sijala." Nilimfanyia jambo ambalo sitaliandika hapa.

Shule nayo imesema abaki nyumbani, mwalimu mkuu hataki jukumu.

Hata dawa yenyewe siku hizi siielewi. Ilikuwa nyeupe na laini kama maziwa, sasa ina chembechembe zinazogandamana ukutani mwa kichupa, natikisa hazitoki. Labda ni toleo jipya.

Njoo, Baba. Sitakuomba tena.

Binti yako.


Tarehe 4 Aprili

Binti yangu,

Leo nitakiuka adabu ya barua, salamu zifuate nyuma. Utakapoisoma hii utakuwa umekwisha kupata simu. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama dukani, na kabla sijafika mwisho nilimshika mkono mwenye duka la vipuri nikamwambia apige, nami nikamtajia neno kwa neno: "Dawa ya sanduku imeganda, imekufa. Usimchome tena. Nenda hospitali sasa hivi upate mpya, na uwaambie kipimo kiliongezwa juu ya dawa mfu." Alinionyesha kidole gumba. Akasema umelia, kisha umekata simu, kisha umepiga tena kuuliza, "Mfu namna gani?"

Namna hii. Barafu peke yake ina baridi ya kiasi. Barafu yenye chumvi hushuka chini sana, na chochote kilichozungukwa nayo huwa jiwe. Ndivyo tulivyokuwa tukigandisha samaki. Mwanangu, nimeigandisha dawa ya mtoto kama samaki.

Na la kunisitiri sina. Zamani kiwandani, idara ya afya ilikuwa ikituwekea chanjo. Mwaka mmoja katoni nne ziliganda kwa uzembe wa zamu, na bwana afya akasema, "Iliyoganda haifufuki." Ni mimi niliyezibeba katoni hizo kwenda kuzifukia. Nilijua. Kisha nikapata nafasi ya kuwa fundi tena, mtu anayehitajiwa, na furaha ikanifunika macho. Baada ya simu nimekwenda zahanati kumuuliza mfamasia, nikitumaini nimekosea. Amesema, "Mzee, insulini ndivyo ilivyo. Ikiganda, itupwe."

Hospitali anashuka, nyumbani anapanda: daktari alisoma vizuri, ila mwizi alimtafuta mdomoni mwa mtoto, na mwizi alikuwa ndani ya sanduku, nami ndiye niliyemtengenezea nyumba.

Kuhusu kipimo nitasema kifundi tu, na daktari aamue. Bomba likivuja, tulikuwa tukifungua vali zaidi ili kupata nguvu. Siku ya kuziba tundu, jambo la kwanza ni kuirudisha vali mahali pake. Usiporudisha, bomba hupasuka. Ninyi mmefungua vali mara mbili. Dawa nzima ikiingia kwa kipimo hicho, sukari yaweza kuanguka vibaya. Msisitizie Mrefu jambo hili, hata akikutazama juu ya miwani.

Mwambie Chiriku hakuiba chochote. Mwambie ni babu yake.

Mwenye duka la vipuri ataileta barua hii kesho, ingawa si wiki yake ya safari. Mimi sikumwomba.

Baba yako, mwenye kuomba msamaha.


Tarehe 26 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo ya tatu ni ya Chiriku, ambaye yuko nyuma yangu anasoma kila neno na kunisahihisha. Chiriku amerudi kuwa chiriku! Tangu asubuhi hajafunga mdomo, na leo simwambii afunge.

Uliposema niende, nilienda na kanga begani na sindano mkononi, viatu viwili tofauti. Dada Kalamu alikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama, akasema, "Nani amekigandisha?" Nikamwambia, "Babu yake, kwa mapenzi." Mrefu alikuja, akavisoma vipimo vyote, akakaa chini. Nilimtajia maneno ya vali niliyoambiwa kwenye simu ya pili. Akauliza, "Huyu mzee alikuwa daktari?" Nikasema, fundi wa barafu. Akakirudisha kipimo cha mwanzo palepale, akatuweka wodini siku tatu, na siku ya pili sukari ikasoma saba. Saba, Baba! Mume wangu, mtu mzima, alimbeba Dada Kalamu juu juu hadi kalamu zikamwagika.

Ya majani yameisha. Daktari wa ghorofani ameambiwa, akajibu, "Nilisema mimi kwamba dawa ndiyo yenye kasoro." Mwache ashinde hiyo. Tunafuata mmoja sasa.

Lile jambo nililokataa kuliandika ni hili. Nilimfungua Chiriku mdomo mbele ya mama mkwe nikamnusa kama mbwa, na aliposema "Sijala," nilimzaba kofi. Baadaye nilimweleza ukweli. Akasema, "Basi niombe msamaha kwa sauti, na bibi asikie." Nilisimama uani, nikaomba kwa sauti, majirani wakachungulia. Mama mkwe naye akaja, akapiga goti moja, la pili likakataa. Chiriku akatusamehe wote kama hakimu.

Wewe usijitese. Chumvi niliitia mimi, kwa mkono huu, kila asubuhi, na wala sikuuliza. Tugawane kosa nusu kwa nusu.

Lakini Chiriku anasema kwako ana sharti. Nanukuu: "Babu nimemsamehe robo. Robo tatu aje achukue mwenyewe, kwa barua sitoi."

Binti yako.


Tarehe 12 Mei

Binti yangu mpendwa, pamoja na mheshimiwa hakimu,

Salamu. Nimeisoma barua yenu mara nyingi kuliko inavyofaa mtu mwenye kazi. Hiyo robo nimeipokea kwa mikono miwili.

Natuma sanduku la pili. La kwanza lipasue kuni. Hili lina vyumba viwili: barafu hukaa chini, bila chumvi hata chembe, juu yake kuna ubao mnene wenye matundu, kisha kitambaa kikavu, ndipo dawa. Katika mfuniko nimetoboa tundu la kipimajoto. Nimelijaribu siku kumi na mbili mfululizo nikiwa na kichupa cha maji mahali pa dawa, nikisoma kila saa mbili mchana kutwa. Halikushuka chini ya nyuzi mbili, halikupanda juu ya nane. Lakini usiniamini mimi. Mpelekee Dada Kalamu kwanza, alipime kwa chombo chake, na akilikataa, nalo lipasue kuni.

Kuhusu ile robo tatu, ngoja nikuambie nililokuwa nikilisingizia magoti. Mara ya mwisho kuja huko nilikuwa na mama yako. Tuliingia katika hospitali hiyohiyo wawili, nikatoka na mfuko wa nguo zake. Tangu hapo barabara ile naiona kama mtu aliyenitukana. Nisamehe.

Achukuaye ni mwenye duka la vipuri. Safari hii hakulalamikia uzito.

Baba yako.


Tarehe 14 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kaa chini kwanza.

Dada Kalamu aliliweka sanduku wodini wiki nzima. Amelipasisha! Tatu, nne, tano, kipimajoto hakiyumbi. Mrefu aliinama akachungulia ndani, akajigonga kichwa kwenye mfuniko. Baba, wana watoto sita wengine ambao nyumba zao hazina umeme. Mama mmoja alikuwa anafukia dawa mchangani. Wanauliza kama yule fundi anaweza kutengeneza sita.

La pili. Chiriku yuko shuleni! Tulikwenda kwa mwalimu mkuu watatu: mimi, Dada Kalamu, na Chiriku mwenyewe. Mwalimu akasema, "Akianguka je?" Chiriku akatoa kifaa chake, akajitoboa kidole, akapima, akasoma namba kwa sauti, akamwambia, "Nikitetemeka nanyweshwa maji ya sukari, halafu unamwita mama. Wewe, mwalimu, unajua yako ni ngapi?" Mwalimu akapimwa. Ilikuwa sawa, lakini jasho lilimtoka. Tumerudishiwa dawati.

Na jana mbio za shule. Amepima kabla, amekula mkate wake, amekimbia. Amekuwa wa tano kati ya sita, na huyo wa sita alipoteza kiatu. Tumeshangilia hadi wazazi wa mshindi wakatuuliza sisi ni wa nani.

Marehemu mama hakuiona siku hiyo. Sitakuambia njoo, nilisema sitaomba tena. Anaomba mwingine hapa chini.

Binti yako.

*Babu shikamoo. Najichoma mwenyewe pajani na silii ila kidogo. Robo tatu zako ziko kwangu bado. Kiti chako tumekiweka karibu na dirisha. Chiriku.*


Tarehe 27 Juni

Kwa binti yangu, mume wake, na Chiriku,

Amani iwe nanyi. Nawaomba radhi kwa siku kumi na tatu za ukimya. Hii ni radhi ya mwisho nitakayoiomba kwa kalamu mwaka huu, zilizobaki zina mwenyewe na ameweka masharti.

Masanduku sita yamekamilika. Ubao wa la mwisho umenipungukia, kwa hiyo nimetumia kiti cha mama yako. Nilikaa mbele yake asubuhi nzima nikimweleza. Kisha nikakumbuka kwamba hakuna siku katika maisha yake aliyoweza kukaa kitini akiwa ameona mtoto wa mtu ana shida. Basi atakaa wodini, akilinda dawa. Sanduku hilo mtalitambua, ndilo jekundu.

Nitayakabidhi kwa mkono wangu, katika hospitali ileile, kwa mlango uleule. Nitaingia na sita, na nimekusudia kutoka na mjukuu.

Chiriku, nimefanya mazoezi ya kusema "nisamehe" kwa sauti, maana nasikia hapo kwenu hukumu hutolewa uani. Majirani zangu wamekwisha kunisamehe mara kadhaa bila kujua kosa.

Mwenye duka la vipuri atanipa nafasi garini, kati ya masanduku na matairi. Amenuna kidogo, asema nimemnyang'anya kazi yake. Ni kweli: barua hii hataichukua yeye. Naibeba mwenyewe, katika mfuko wa koti, upande wa kushoto, na mtakapokuwa mnaisoma, mimi nitakuwa nimesimama mbele yenu nikingoja robo tatu zangu.

Baba yako, babu yako.